Jeraha Lililopakwa Rangi

Inspekta alirudi ukumbini asubuhi kabla mkurugenzi hajafika, akapitia mlango wa nyuma kama mwizi. Mama mzima, cheo begani, anapenya uchochoroni. Hakutaka kupita mbele, kwa sababu mbele ndiko iliko nyumba ndogo ya mtunza ukumbi, na jana jioni alimtoa mtu huyo mle ndani kwa pingu, tonge likiwa bado mdomoni, watoto wake wanaona, na mama mkwe wake anaona. Mama mkwe alijifunika uso. Inspekta alikuwa ameona mengi katika kazi yake, lakini uso ule uliofunikwa alilala nao na akaamka nao.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Katikati ya ukumbi palikuwa na meza pana kama godoro la watu wawili, na juu yake stesheni ya zamani ya mji ule, ile iliyobomolewa ili barabara ipite. Fundi mmoja mzee, ambaye watu humwita Mzee Zege, alikuwa ameijenga upya kwa udogo: jukwaa la abiria, paa, njia za reli, na mnara wa tangi la maji uliosimama kwa miguu minne ya zege. Kesho wageni walikuwa waje, na fundi aukabidhi mfano wake mbele yao. Ndipo jana mnara ukakutwa umelala juu ya reli, miguu imevunjika yote. Kufuli halikuguswa. Ufunguo ulikuwa mmoja, na aliyekuwa nao mpaka jana ni mtunza ukumbi.

Alipoulizwa amempa nani ufunguo ule, mtunza ukumbi aliinamisha kichwa akasema, "Sina la kusema, afande." Basi. Inspekta akamweka ndani. Mkurugenzi hakungoja hata mahakama, alikwishawaambia watu wa nyumba ile watoe vyombo vyao kabla ya jioni ya leo.

"Mtu akikataa kusema, afande, ana la kuficha," alisema koplo, akikokota taa ya mezani na waya wake.

"Au ana mtu wa kumficha. Sogeza taa hapa."

Koplo alisogeza taa, akaitazama stesheni ile kwa kichwa cha upande. "Na hii rangi nayo vipi? Zege la bluu! Abiria wa hapa walikuwa wanakwenda peponi?"

"Hizo ni kazi za sanaa. Mimi na wewe tunajua nini? Shika taa."

Hata yeye jana aliiona ile bluu. Akadhani ushamba ni wake, akanyamaza.

Alipiga magoti, akaokota kipande cha mguu wa mnara, kinene kama kidole gumba. Upande wa nje ulikuwa na alama za mbao, mstari kwa mstari, kama zege la kweli lililomiminwa katikati ya mbao likafunguliwa. Palikuwa na vitundu vidogo vya povu, na michirizi myeusi ya mvua ikishuka. Kazi ya kumkosesha mtu usemi. Kisha akageuza kipande, akatazama pale kilipokatikia.

Palikuwa pa kijivu.

Alikwangua kwa ukucha. Chini ya kijivu kulikuwa na weupe mtupu wa plasta. Akainama chini ya meza, akakusanya chengachenga zilizodondoka mnara ulipoanguka. Hizo zilikuwa nyeupe kama unga. Akatazama vile visiki vinne vilivyobaki mezani. Vyote vimepakwa kijivu, taratibu, bila kuvuka ukingo.

"Koplo, wewe ukivunja sahani kwa hasira, unapapaka rangi pale palipovunjika?"

"Mimi nikivunja sahani, afande, nakimbia. Mke wangu ana mkono mzito."

"Na mtunza ukumbi?"

Koplo alifikiri. "Yule anajua ufagio na ndoo. Brashi ya rangi ataitoa wapi?"

"Ndiyo hiyo. Huyu aliyevunja alikuja na rangi, na alipokwishavunja hakuweza kuondoka akauacha weupe wazi." Inspekta alikifunga kile kipande katika leso, akakitia mfukoni. "Mwizi hajali. Mhuni hajali. Anayejali ni mtu wa kazi hii."

Mlango wa mbele uligongwa, koplo akaufungua, viatu vikalia sakafuni. Mkurugenzi. Alisalimia huku akitazama saa yake.

"Inspekta, nataka jina kwenye karatasi. Kesho nina wageni."

"Jina ninalo. Ila sina hakika kama ni lake."

"Si ulimfunga mwenyewe jana?"

"Ndiyo," alisema Inspekta. "Mwenyewe." Akaigeukia stesheni. "Mkurugenzi, wewe uliuona mfano huu ulipoletwa. Uliuonaje?"

Mkurugenzi alikohoa. "Mzuri. Mzuri sana. Ni hii rangi tu... Kuna jamaa wawili nilikuja nao, wakacheka kidogo. Nami nikacheka. Adabu tu, unajua."

"Fundi aliambiwa?"

"Nani amwambie mzee wa watu? Tuliona haya. Mwenyewe alikuwa nje, anatafuta gari la kumrudisha."

"Nani mwingine alisikia mkicheka?"

"Mtunza ukumbi alikuwa anafagia. Na yule bibi, mke wa fundi, aliyemfuata mumewe. Lakini alikuwa mbali, pale mlangoni."

Inspekta alimwita koplo, wakaondoka. Njiani kuelekea kwa fundi alikuwa na jina moja tu kichwani, nalo lilikuwa la fundi mwenyewe. Mtu anasikia kazi yake imechekwa, roho inamuuma, anaivunja kwa mkono wake, kisha mkono uleule unashindwa kuuacha weupe. Ilikaa sawa. Ilikaa sawa mno, hata koplo aliikubali, jambo ambalo lilipaswa kumtia mashaka.

Karakana ya Mzee Zege ilikuwa chumba cha watoto wake walipokuwa wadogo. Kitanda kimetolewa, meza imewekwa dirishani, na ukutani bado kuna alama za penseli za kuwapima vimo. Mzee aliwapokea vizuri, akawapangusia viti. Alikuwa mrefu, mwenye sauti ya chini, na akitaka kuona kitu alikileta karibu na pua.

"Mnataka kujua zege linatengenezwaje? Mbona jana hamkuuliza, mkakimbilia kumfunga mtu?"

Koplo alitazama dari. Inspekta alisema, "Tufundishe leo, mzee."

"Basi sikilizeni. Anayeanza hukimbilia saruji. Anaona, mimi nataka zege, basi nipake saruji. Anajidanganya. Chembe ya mchanga kwenye mnara mdogo kama ule inakuwa jiwe la kukutoa roho. Ukitaka zege, usitumie zege." Alionyesha kisanduku kilichotandikwa vijiti vya aiskrimu. "Hizi ndizo mbao zangu. Nazikwangua kwa brashi ya waya mpaka mishipa ya mti isimame. Namimina plasta. Ikishika, nafungua, na mishipa imehamia kwenye plasta. Kisha sponji: kijivu hiki, kijivu kile, dap, dap, usipake, gusa. Mwisho maji machafu ya rangi nyeusi, yaachie yashuke yenyewe. Zege lina machozi chini ya kila ukingo. Asiyejua hilo anapaka ukuta tu."

"Na likivunjika?"

"Ndani ni jeupe. Lazima ulipake. Kuacha weupe uonekane ni kama kutoka nyumbani bila suruali."

Inspekta alimtazama usoni. "Mzee, mfano ulipokwishafika ukumbini, ulirudi tena kule peke yako?"

Mzee aliweka kijiti chini. "Binti, unaniuliza kama nimemnyonga mwanangu?"

Inspekta alihisi joto masikioni, lakini kazi ni kazi. "Nauliza kila mtu, mzee. Nichanganyie ile rangi ya mnara. Kidogo tu."

Mzee alichukua kigae, akatia nyeupe, akatia nyeusi, akatia kahawia kwa ncha ya brashi. Akakiinua dirishani, karibu na jicho, akatikisa kichwa. Akatia bluu. Akainua tena. Akatia bluu nyingine.

"Rangi za siku hizi wamezichakachua," alinung'unika. "Zote zina umanjano. Usipozitibu, kila kitu kinakuwa kama nguo iliyofuliwa kwa chai." Alichanganya, akaridhika, akapaka kwenye ubao. "Haya. Hilo ndilo zege."

Ubaoni palikuwa na bluu ya sare za shule.

Koplo alifungua mdomo. Inspekta alimkanyaga kiatu.

Polepole alitoa leso, akaufungua ule mguu wa mnara, akauweka kando ya rangi. Upande wa nje: bluu ileile, pacha. Pale palipovunjika: kijivu kilichopooza, chenye ukahawia kwa mbali, sawa kabisa na ukingo wa barabara unaoonekana dirishani. Mikono ya watu wawili. Wa pili ulifundishwa chumba hikihiki, lakini ulikuwa na macho mazima.

Alimwangalia mzee machoni, kwa mara ya kwanza akiangalia macho yenyewe. Katikati ya kila mboni palikuwa na ukungu, kama maji yaliyosuuzia kikombe cha maziwa. Mtoto wa jicho; umanjano ulikuwa wa macho, si wa rangi. Alikifunika kile kipande haraka, kama mtu aliyefungua mlango wa bafu akakuta mwenyewe yumo.

"Nani hukusaidia kazi hapa, mzee?"

"Nani anisaidie? Vijana wamejiendea zao. Niko peke yangu." Akacheka kidogo. "Mke wangu huosha brashi tu."

Aibu ya maiti aijuaye ni mwosha. Inspekta aliinuka.

Bibi alikuwa uani, ameketi kwenye kigoda, mbele yake kopo la maji na brashi zimelazwa juu ya kitambaa kutoka kubwa mpaka ndogo. Alikuwa amevaa viatu vya kutokea, vya kufungwa, na vilikuwa na vumbi. Hakuinua kichwa.

"Ameichanganya mbele yako," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Bluu?"

"Bluu."

Bibi alisuuza brashi moja, akaikamua kwa vidole, akaichonga ncha. "Nimekuwa nikimrekebishia. Akilala mchana, mimi huku narudishia kijivu juu ya bluu yake. Haoni tofauti. Lakini hii stesheni aliimalizia nilipokwenda kumuuguza dada yangu. Kurudi, imeshabebwa. Nikamfuata ukumbini. Nikasimama mlangoni." Akachukua brashi nyingine. "Wewe umewahi kusikia mtu wako anachekwa na watu waliovaa vizuri?"

Inspekta alichuchumaa ili macho yao yalingane. "Mtunza ukumbi ndiye aliyekupa ufunguo."

"Nilimwambia nakwenda kupangusa vumbi. Akanipa kwa mikono miwili. Nilikuwa na rangi ndani ya mkoba. Nilikwenda kupaka, mwanangu, Mungu anaona, sikwenda kuvunja. Nikashika brashi. Nikatazama: jukwaa lote bluu, kuta zote bluu. Ningepaka mpaka lini? Na kile kicheko kimekaa humu." Alijigusa sikio. "Nikasema, mnara ukianguka, ataurudisha nyumbani kuutengeneza, na wageni wataambiwa waje siku nyingine, nami nitapata nafasi. Nikausukuma."

"Kisha ukapapaka palipovunjika."

"Weupe ulitoka kama mfupa. Rangi ninayo, brashi ninayo. Mkono ulikwenda wenyewe."

"Na mtunza ukumbi alipokamatwa?"

Bibi alitazama viatu vyake. "Jana nilivaa hivi nije kwako. Nikafika kona, nikarudi. Leo alfajiri nimevaa tena, nikafika mpaka pale penye lango lenu. Nikija, lazima niseme nimevunja. Nikisema nimevunja, mtauliza kwa nini. Na nikisema kwa nini, yeye atasikia." Kisha akaushika mkono wa Inspekta kwa vidole vyenye maji. "Andika ni paka. Mji huu umejaa paka. Nani atabishana na paka?"

Inspekta hakuutoa mkono wake. Hilo la paka lingeandikika. Mkurugenzi angelimeza, maadamu kesho ana wageni. Na yeye mwenyewe asingelazimika kumwambia mtu yeyote kwamba alimfunga asiye na kosa.

"Paka hana ufunguo, mama," alisema hatimaye. "Wataniuliza mlango ulifunguliwaje, na jibu litamrudia yuleyule. Na watoto wake jioni ya leo wanatolewa nyumbani. Vyombo vinawekwa nje."

Brashi ilimdondoka bibi. "Nje?"

"Mkurugenzi ameshasema."

"Hilo sikuambiwa." Alijifuta mikono kwenye nguo, upande huu, upande ule, muda mrefu, kama rangi imegoma kutoka. "Hilo sikuambiwa kabisa." Akasimama. "Niache nikamwambie mume wangu mwenyewe. Asisikie kwa mtu."

Sheria ilimtaka Inspekta asikie maneno ya mshukiwa. Alisimama nje ya mlango wa karakana, mgongo ukutani, akitamani sheria ile ingekuwa na mwanya. Sauti ya bibi ilikuwa ndogo, ikaenda, ikakwama, ikaenda tena. Ilipokwisha, koplo aliacha kutafuna alichokuwa anatafuna.

"Bluu kiasi gani?" aliuliza mzee.

"Mume wangu..."

"Nauliza. Bluu kiasi gani?"

"Kama sare ya shule."

Kiti kililia. "Na ile bandari niliyofanya kabla ya hii?"

"Ile nilirekebisha."

"Na daraja?"

"Daraja nilirekebisha nusu."

"Na kiwanda?"

"Kiwanda kilikuwa chako mwenyewe. Kiwanda hakikuguswa na mtu."

"Na hao watu walicheka."

"Walicheka."

Mzee alitokea mlangoni. Alimtafuta Inspekta kwa macho, akamkuta. "Binti, wewe jana uliiona?"

"Niliiona, mzee."

"Ukasema nini?"

"Nilinyamaza."

Alitikisa kichwa taratibu, si kwa hasira, na hiyo ndiyo iliyomchoma Inspekta. "Nipigie mkurugenzi."

Inspekta alipiga, akampa simu. Mzee aliishika mbali na sikio kama watu wa rika lake, kwa hiyo wote walisikia mkurugenzi akisema pole, mzee wangu, usijali, si neno.

"Ni neno," alisema mzee. "Nisikilize. Mnara ni wangu, sijaukabidhi kwa mtu. Umevunjwa na watu wa nyumbani kwangu, na mimi mwenye mali sina shauri. Mtunza ukumbi wako hana kosa, na vyombo vyake visiguswe. Hiyo moja. Ya pili, nimekuletea stesheni ya bluu. Uliona, ukacheka, hukuniambia. Mimi mtoto wa jicho ameniziba macho. Wewe umezibwa na nini?"

Hakungoja jibu. Alirudisha simu, akaomba viatu vyake. Mkewe alivileta, akapiga magoti kumfunga kamba, naye akamwacha afunge, ila mkono wake aliuweka juu ya kichwa cha mkewe mpaka alipomaliza.

Kituoni Inspekta hakumtuma koplo. Alikwenda mwenyewe mahabusu, akafungua mwenyewe. Mtunza ukumbi alitoka akifumba macho kwa ajili ya mwanga, suruali ameishika kwa mkono, maana mkanda walimchukua.

"Nimekukosea," alisema Inspekta, pale pale koridoni, mbele ya askari wa zamu. "Nilikutoa kwako kama jambazi, na sikukuuliza mara ya pili. Mkurugenzi ameambiwa. Nyumba ni yako."

"Sawa, afande." Alikuwa anavaa mkanda wake. Hakumtazama.

"Mbona hukuniambia ni nani?"

"Alisema anakwenda kupangusa vumbi, afande. Nilipoona mnara umeanguka nikajua." Alipitisha mkanda kwenye tundu lake. "Nami nilikuwapo walipocheka."

Inspekta akampisha njia.

Kwenye benchi la mapokezi wameketi wawili: mzee na fimbo yake, bibi na mkoba magotini. Bibi alimwona anakuja akasimama, midomo ikicheza. Alikuwa amejiandalia maneno njia nzima. Lakini mtunza ukumbi alimtangulia. Alimsogelea kama anavyomsogelea kila mara pale ukumbini, akainama, akamtolea mikono miwili.

"Shikamoo, mama."

Kalamu ya koplo ilisimama. Bibi alifungua mdomo. Neno la kujibu ni dogo, hata mtoto anayejifunza kusema analijua. Alilitafuta, halikutoka. Machozi yakashuka, michirizi miwili, wala hakuyafuta.

Mtunza ukumbi akadhani hakusikika. "Shikamoo, mama," alirudia kwa sauti zaidi, bado ameinama.

Mzee alinyoosha mkono, akapapasa mpaka akakipata kiwiko cha mkewe.

"Itikia," alimnong'oneza. "Usimwache mtoto wa watu mgongo umepinda."